Nyumba Haifagiwi Siku ya Mbio

Sisi tuliokulia kambi za polisi hapa Kampala, kabla simu haijaingia kila mfuko, tunajua jambo ambalo vijana wa leo hawatalijua kamwe: betri ya redio huanikwa juani kama samaki. Ikichoka unaitoa, unaiweka juu ya bati, unamkataza kila mtu asiiguse, na baadaye redio inapata sauti tena, angalau ya taarifa moja ya habari. Vijana wangu chaji ikipungua kidogo huzunguka nyumba nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mimi nawatazama tu.

Nakumbuka nyumba zetu za mabati, harufu ya posho, ugali wetu, iliyoshika sufuria, kabalagala za Mama, vile vitumbua vya ndizi, zikitoka motoni, na magari yetu ya waya yenye magurudumu ya ndala kuukuu. Jumamosi tulijazana kwenye kibanda cha video nyuma ya kambi. Hapo palikuwa na VJ, jamaa wa kututafsiria filamu kwenye kipaza sauti, akitia na chumvi yake mwenyewe. Gari la shujaa likiruka korongo, sisi tukifumba macho, yeye alipaza sauti, "Stelingi hafi!" Tuliamini maneno hayo kuliko mafundisho ya Jumapili.

Mimi niliyahitaji kuliko wenzangu. Baba yangu alikuwa fundi wa magari ya polisi, lakini siku za mbio za magari alikuwa navigeta, yule anayekaa kando ya dereva na kumsomea kona kutoka kwenye daftari. Dereva wake alikuwa fundi wa Katwe aliyeliunga gari lao kwa mikono yake, bomba kwa bomba. Baba alifanya mazoezi mezani, mdomo umejaa maharage: "Kushoto tatu, ndefu, hapana kata, kuna jiwe!" Sisi tulicheka. Mama hakucheka.

Mama hakumwambia hata siku moja asiende. Alichofanya ni kuficha ufagio. Kwake, kufagia nyumba wakati mtu wako yuko safarini ni kumfagia yeye mwenyewe. Dada yangu aliwahi kuugusa ufagio siku ya mbio, akarukiwa: "Hapana fagia! Baba yako bado iko njia. Wewe nataka kumtupa na takataka?" Basi siku hizo tulikanyaga makombo tangu asubuhi, na kila kombo lililolia chini ya mguu lilinikumbusha kwamba Baba hajarudi.

Siku moja redio ilitangaza kwamba gari namba saba halijafika kituoni. Namba saba ilikuwa ya Baba. Tukasogea, Mama akaongeza sauti, na papo hapo betri zikafa.

"Peleka kwa jua! Mbio!" Mama akanitupia betri.

Nikatoka mbio. Jua halikuwepo. Mawingu yalikuwa yamefunika mpaka kule Nakasero. Nikapanda juu ya pipa, nikanyoosha mikono yote miwili na betri zangu juu kuelekea mawinguni, nikasimama hivyo mpaka mabega yakaniwaka. Niliogopa kuteremka. Nilirudia kimoyomoyo, stelingi hafi, stelingi hafi, na machozi yalinitoka vilevile.

Jioni Baba akaja kwa miguu, matope mpaka shingoni, kiatu kimoja. "Banange, nyinyi nalia nini? Gari ilikwama kwa matope tu!" Mama alitoa ufagio mafichoni akafagia nyumba yote jioni ileile, yeye aliyetufundisha kwamba kufagia jioni ni kufukuza baraka.

Nikamwambia Baba kwamba mimi nilijua atarudi, kwa sababu stelingi hafi. Akacheka sana. "Mwanangu, stelingi ni dereva. Mimi ni ile rafiki yake nakaa kando. Ile nakufa mapema."

Alikuwa akitania. Lakini tangu siku hiyo kila filamu nilimtazama rafiki wa stelingi, na kweli, sikumwona hata mmoja akifika mwisho.

Baba alifia kitandani mwake, mzee kabisa, mbali na kona zote. Daftari lake ningelichoma. Binti yangu Akello aliniwahi, akalichukua. Leo Akello ni navigeta. Anakaa kando.

Jumapili iliyopita alikuwa mbioni. Kabla hajaondoka aliniwekea kitu kwenye simu: ramani, na juu yake nukta ya buluu, ndiyo gari lao. "Baba, sasa hapana ogopa. Utatuona kila dakika." Alipotoka, nikamwaga sukari nikitengeneza chai. Sisimizi wakaja. Nikachukua ufagio nikafagia, nikazoa, nikatupa, bila kufikiri.

Saa nane mchana nukta ikasimama. Nukta za wengine zikaipita, moja, mbili, tano. Nikapiga simu, haipatikani. Nikapiga tena. Ndipo nikatazama sakafu, nikaona inang'aa.

Nimefundisha fizikia shule ya sekondari maisha yangu yote. Nilitoka nikaenda kwenye pipa la taka, nikaingiza mikono, nikarudi na vumbi, maganda ya karanga na ile sukari yenye sisimizi, nikavimwaga sebuleni. Mke wangu alirudi kutoka sokoni na matoke yake, akanikuta nimepiga magoti, navitandaza kwa viganja.

"Ssebo, wewe naumwa?"

"Akello amesimama," nikasema.

Akaweka mzigo chini. Akakaa kando yangu palepale kwenye uchafu, akanishika mkono.

Enzi zile tulimwonea Mama huruma kwa kutojua. Leo namwonea wivu. Redio yake ikizimika, hofu nayo ilipata pa kupumzikia. Aliweza kulaumu mawingu, akaendelea kuchambua maharage. Mimi nilikuwa na nukta iliyonionyesha mwanangu alipo, kona ileile hasa, na haikuniambia kama anapumua. Wanasema simu zimetuletea watu karibu. Sijawahi kuwa karibu na mtu kiasi kile nikashindwa kumfanyia lolote.

Simu ikalia. "Baba, sisi iko sawa. Gari imepinduka, tumetokea dirishani." Nilitaka kusema mengi. Nikasema, "Kuja nyumbani."

Alifika jua likizama, mchubuko kidevuni, vumbi kichwani. Akasimama mlangoni akaona takataka zimetapakaa sebule nzima na wazazi wake wamekaa katikati yake. Hadithi ya bibi yake anaijua. Akavua viatu, akachukua ufagio, akaanza kufagia, jioni ile, polepole, mpaka chini ya makochi. Mimi nilikuwa nikitafuta maneno ya kumwambia basi, inatosha, mbio ziishe leo. Kabla sijayapata, akauegemeza ufagio ukutani.

"Baba, mwezi ujao iko mbio ingine," akasema. "Hapana fagia."

Nikauchukua ufagio, nikaenda kuuficha kama Mama alivyokuwa akiuficha wake, nyuma ya gunia la posho.