Paka wa Mwalimu Kwenye Beseni la Dobi

Dobi huyu hakuwahi kurudisha nguo ikiwa mbaya kuliko ilivyokuja, na majivuno hayo ndiyo yaliyomponza. Jirani yake, mwalimu mstaafu, alipokwenda kumtazama bintiye aliyejifungua, alimwachia paka wake wa Kiajemi, mwenye manyoya marefu ya kufagia sakafu.

"Mchane kila siku, mwanangu," alisisitiza.

Dobi akaitikia ndiyo, ndiyo. Tangu lini paka akachanwa?

Siku ya sita akamwona mchafu. Akafanya alivyofanya maisha yake yote: roweka kwanza, sugua, suuza, mengine baadaye. Lo! Manyoya yaliyokwisha kuanza kufungana yalipokauka yakagandamana kama gunia kuukuu, paka akawa analia kila akiguswa. Ikabidi mkasi. Kufikia adhuhuri bwana mkubwa amebaki kichwa na mkia.

"Huyo sasa ni panya mwenye cheo," mume wa dobi akacheka.

"Nyamaza bwana, mwenzio nakufa hapa!"

Mwalimu alikuwa anarudi saa kumi. Dobi akapiga pasi shati lile lile mara tatu, akaenda dirishani, akarudi, akatoka tena. Ni Mwalimu aliyemfundisha kusoma ukubwani, jioni baada ya jioni, kwenye meza hiyo hiyo ya pasi. Amwambie nini mtu huyo? Mlango ulipogongwa, uongo ulikuwa tayari.

"Viroboto, Mwalimu. Walimjaa, ikabidi nimnyoe."

Mwalimu akamkumbatia paka, machozi yakamlenga. "Asante, mwanangu. Basi wametoka kwenye koti la marehemu mume wangu, ndipo paka huyu anapolala. Sijalifua tangu afariki, bado lina harufu yake." Akashusha pumzi. "Nitalichoma leo leo."

Akaondoka. Dobi akamtazama akivuka ua, paka begani. Njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu iliishia getini. Akatoka mbio, pekupeku.

"Mwalimu, usilichome! Hakuna kiroboto hata mmoja. Sikumchana, nikamwosha, nikamharibu. Kisha nimekudanganya."

Mwalimu akampa kisogo, akaingia kwake na paka wake.

Jioni nzima dobi alisimama dirishani akichungulia ua wa jirani. Moshi haukutoka. Nguo za Mwalimu nazo hazikuletwa tena.