Mwizi wa Kurasa za Wavuvi

Wiston kinyozi alikuwa mtu wa kushuku, na wala hakuona haya kwa hilo. Ukimsifia, anakuuliza unataka nini. Ukimletea zawadi, anaigeuza juu chini kwanza. Pale Nyakanazi, malori ya Rusumo yanakopishana na mabasi ya Kigoma mchana kutwa, watu walimtania kwamba hata kivuli chake hukikagua mifuko kabla hakijaingia dukani. Yeye aliwajibu kwamba mji wa njia panda si mji wa kuaminiana. Aliyekuibia leo, kesho yuko Kahama anakunywa chai.

Kitu kimoja tu alikiacha wazi kwa kila mtu: magazeti ya katuni yaliyokaa kwenye kasha chini ya benchi ya wateja. Aliachiwa na marehemu baba yake, mwalimu wa shule ya msingi huko Biharamulo, aliyeyanunua tangu ujana wake na kuyashona pamoja kwa uzi wa gunia. Wiston mwenyewe alijifunza kusoma humo kabla hajapelekwa shule.

Kama umewahi kusoma katuni za zamani, unajua tabia yake. Mchoraji akiishiwa hadithi, humpeleka mtu kuvua samaki. Kuna mume anayemkimbia mkewe kwa kisingizio cha ndoano, jioni anarudi na samaki wa sokoni. Kuna mvuvi anayeburutwa na samaki mpaka hujui nani kamvua nani. Na yuko yule anayevuta, anavuta, jasho linamtoka, nyumbani sufuria imeshainjikwa, halafu kinachotoka majini ni kiatu. Kiatu hicho kimechekesha watu miaka na miaka. Madereva wa malori walikicheka mpaka Wiston akawa anaondoa wembe shavuni mwao kwa kuogopa kuwakata.

Basi mwaka jana, baada ya masika, kurasa zikaanza kupotea. Mwanzoni alisingizia panya. Lakini panya hachani kwa mstari ulionyooka, wala panya hachagui. Kurasa za wawindaji zilibaki, za wachezaji mpira zilibaki, za walevi zilibaki zote. Zilizoondoka ni za wavuvi peke yake. Wiston alikaa na lile kasha mapajani, akakosa usingizi wa mchana. Mwizi wa kawaida angemtia hasira tu. Huyu aliyechagua alimtia hofu, maana mtu anayechagua ana sababu yake.

Akawashuku madereva. Akamshuku kinyozi mwenzake wa upande wa pili wa barabara. Mwishoni, Mungu amsamehe, akamshuku Uwase.

Uwase alikuwa mchumba wake. Aliuza chai na mandazi kwenye kibanda kilichopakana na duka lake, na mandazi aliyafunga kwa karatasi kuukuu alizonunua kwa mafungu. Wiston alikuwa ameshapeleka posa kwa Mzee Gervasi, mjomba aliyemlea Uwase tangu utoto, na posa ilikuwa imekubaliwa. Yalibaki mambo ya mahari na tarehe ya kanisani. Lakini siku hiyo alimwona abiria mmoja anapita na andazi mkononi, na kwenye ile karatasi ya mafuta akaona mkia wa samaki uliochorwa. Damu ikamchemka. Alimnyang'anya abiria karatasi, akaenda kusimama mbele ya kibanda, watu wamejaa.

"Kumbe ni wewe!" alifoka. "Urithi wa baba yangu unafungia mandazi!"

Uwase aliichukua ile karatasi, akaikunjua juu ya meza, akaipangusa mafuta kwa kiganja. Ilikuwa karatasi ya daftari la sayansi la mwanafunzi fulani. Sehemu za samaki: mapezi, magamba, mkia. Chini yake kulikuwa na vema ya mwalimu kwa wino mwekundu.

Watu walicheka hadi chai ikawapalia. Uwase hakucheka.

"Leo umenishuku kwa karatasi," alisema taratibu. "Nikishaingia ndani mwako utanishuku kwa chumvi. Nisikilize, Wiston. Mtafute mwizi wako, umtaje hapa hapa, mbele ya watu hawa hawa ulionivunjia heshima mbele yao. Nakupa mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Ukishindwa, mjomba atakurudishia posa yako."

Maji yakishamwagika hayazoleki. Wiston alirudi dukani na aibu yake, na kwa mara ya kwanza maishani akajishuku mwenyewe.

Katika wote waliokaa kwenye benchi ile, mmoja tu hakuwahi kumfikiria. Ni Mzee Gervasi mwenyewe. Mzee huyu, Mhangaza wa pande za Rusumo, mpakani, aliyehamia Nyakanazi kulima mihogo na maharage, alikuwa akija kila Jumamosi akitoka sokoni. Zamani alikuja kunyolewa. Tangu posa ikubaliwe alinyolewa kwingine, maana katika malezi ya Wiston mkwe haguswi kichwa wala hakodolewi macho. Hata hivyo mzee aliendelea kuja, anakaa benchini kimya saa nzima, gazeti mapajani. Na kwa kuwa kioo cha kinyozi huonyesha kila aliye nyuma, Wiston alijifunza kusimama kwa upande, bega lake likimkinga mzee asionekane kiooni. Aliona hiyo ndiyo heshima. Mtu aliyechunguza hadi kivuli chake, mkwewe alimpa mgongo.

Jumamosi ya ahadi ilipofika alitega mtego. Alichukua dawa ya zambarau, ile ya kupaka vidonda, akaichanganya na mafuta ya mgando ili isikauke, akaipaka pembeni mwa ukurasa wa mvuvi uliobaki. Kisha akanyoa kutwa nzima huku akikodolea macho vidole vya watu. Aliyeshika shingo, alimtazama. Aliyejikuna, alimtazama. Mpaka saa tisa hakuna aliyekuwa na doa.

Mzee Gervasi akasimama kuaga. Wiston akaweka mashine chini, akainama kama alivyofunzwa, akaupokea mkono wa mkwewe kwa mikono miwili, macho yakiwa chini. Na kwa kuwa macho yalikuwa chini, aliona. Vidole vya mzee vilikuwa vya zambarau hadi kwenye pingili. Na kiganja cha Wiston nacho kikawa cha zambarau.

Mzee naye alitazama vidole vyake, akaelewa.

"Twende nyuma," alisema.

Nyuma ya duka, penye pipa la maji, mzee alitoa karatasi ndani ya koti lake, imekunjwa mara nne.

"Shikamoo, baba," alisema Wiston, kwa kukosa neno lingine.

"Marahaba. Hii ni ya mwisho. Nyingine nimezichoma." Mzee aliikunjua karatasi. Mvuvi alikuwa amesimama kingoni mwa mto, macho yamemtoka, kiatu kinaning'inia kwenye ndoano. "Nieleze, mwanangu. Hapa watu hucheka nini?"

Wiston alikitazama kile kiatu.

"Mimi nilikuwa mvuvi," mzee aliendelea. "Mto Kagera ule, chini ya maporomoko ya Rusumo. Ndoano na kamba, kambale na ningu. Kazi yangu niliipenda. Ule mwaka wa tisini na nne mto ulianza kuleta watu waliouawa ng'ambo ya pili. Umesikia. Wewe ulikuwa mdogo, umesikia tu. Siku hiyo ndoano ilikamata kitu kizito, nikavuta. Kikatoka kiatu. Kiatu kile nilikijua, soli yake niliishona mimi mwenyewe kwa tairi. Nilimshonea shemeji yangu Nshimiyimana, aliyemwoa dada yangu huko ng'ambo." Alisita. "Kiatu kilikuwa na mwenyewe."

Lori lilipita barabarani, mzee akasubiri lipite.

"Huyo ndiye baba yake Uwase. Dada alifika kambi ya wakimbizi na mtoto mgongoni, naye akafa kwa kuhara. Uwase nilimwambia baba yake alipotea vitani, hakuonekana. Hayo ndiyo anayoyajua. Sasa mtoto anaingia kwako kila siku kupumzika, anakaa kwenye benchi yako anasoma hivi vitu. Siku moja nilimkuta ameshika kiatu kama hiki, anacheka mpaka machozi. Ningefanyaje?"

Wiston alitaka kulia na hakujua amlilie nani.

"Amenipa mpaka leo nimtaje mwizi, baba."

"Nitaje. Sema mzee ameingiwa na wizi wa uzeeni."

"Atakuuliza sababu."

"Ataniuliza," mzee alikubali. "Na mimi kumdanganya tena sina nguvu."

Mzee akautia mkono wenye madoa mfukoni, wakarudi dukani kila mmoja kwa njia yake.

Uwase alikuwa ameshafika, birika mkononi, na watu wamejisogeza, maana habari ya siku ile ilikuwa imezagaa stendi nzima. "Siku zimekwisha," alisema. "Ni nani?"

Wiston aliinua kiganja chake cha zambarau, kila mtu akione.

"Mwizi ni mimi," alisema. "Mtego wa rangi niliutega mimi, na kurasa nilizichana mimi. Nimekutukana bure, Uwase. Nisamehe mbele ya hawa."

Duka zima likaangua kicheko. Kinyozi ametega mtego akanasa mwenyewe! Dereva mmoja alijipiga mapaja, akasema hiyo ndiyo katuni. Mzee Gervasi alikuwa mlangoni, mkono mfukoni, anatazama barabara. Uwase alikitazama kile kiganja, akamtazama Wiston usoni, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kwa nini uzichane?" aliuliza.

"Nilizichoka."

Alimsamehe, kwa kuwa aliombwa msamaha hadharani, na ni wanaume wachache wanaoweza hilo. Wakaoana baada ya mavuno ya maharage. Ni mke mwema na mcheshi, na Wiston anampenda kupita kiasi. Lakini Uwase hakuamini lile jibu hata siku moja. Wakiwa wanakula, au anapomkunjia mashati, humuuliza ghafla kwa sauti ya kawaida: "Hivi zile kurasa, ulizichoka kwa nini?" Naye humjibu vile vile, na mkewe huitikia kwa kichwa na kuendelea na shughuli zake.

Hapo ndipo Wiston hushikwa na woga. Hakuna anayejua vizuri kuliko yeye kwamba mtu anayeshuku hachoki.