Bwawa Halikaushwi kama Birika

"Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliulizwa, 'Kazi hii waijua?' Nikajibu naijua. Uso mkavu, wala mate sikumeza."

Hivyo ndivyo Babu alivyoanza leo baada ya alasiri, sebuleni kwetu Kibokoni, na mimi nimemshikia simu karibu na mdomo. Hakuwa akisema nami. Alikuwa akimrekodia sauti kaka yangu Nasri, aliyekwenda ng'ambo mwezi wa nne kutunza nyumba ya mzee mmoja, nchi ambayo maji ya nje huganda yakawa jiwe. Nayaandika yote humu kabla sijayasahau, kwa sababu nilikuwa na maswali mengi na mengine niliona haya kuyauliza.

Jambo lenyewe ni hili. Nasri alitutumia ujumbe wa sauti, anacheka. Tajiri wake ana bwawa la kuogelea lililopigwa plasta nyeupe, na kabla baridi kali haijaingia ni lazima lifungwe kwa msimu. "Jana kaniuliza kama najua. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu tangu utoto! Kwani birika la kutawadhia msikitini nimelisafisha mara ngapi? Nafungua maji yote yatoke, nasugua, basi. Maji yakiwa hayamo, kitaganda nini?" Kwake ilikuwa asubuhi. Alikuwa amalize chai, kisha ateremke akafungue.

Mimi niliona ana akili. Babu akavua miwani.

"Mwandikie asiguse kitu."

Nikaandika USIGUSE kwa herufi kubwa, ndipo nikabonyeza kurekodi.

"Mimi pia n'lilelewa na birika, mwanangu," Babu akaendelea. "Nikaenda pwani ya kaskazini, hoteli moja, nina miaka kumi na tisa na kiburi cha miaka arubaini. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Katana, mtu wa Rabai, mpole, hata paka wa jikoni alikuwa akimwambia tafadhali. Masika yakaingia, wageni hamna. Akaniambia bwawa lataka kusafishwa, plasta imeota ukungu wa kijani. Kazi hii waijua? Naijua. Kuuliza si ujinga, wamesema wakubwa, lakini kijana huona swali ni kama kuvuliwa kanzu sokoni. Basi Mzee akaenda kwao mazikoni, siku tatu. Nikayamwaga maji yote. Nikasugua mpaka plasta ikang'ara, nikajisifu peke yangu. Mvua ikapiga siku mbili. Ya tatu naingia asubuhi, sakafu ya bwawa imefura kama mkate wa sinia, na ufa umetoka kona hadi kona, vidole vyaingia."

Hapo akashika kuifuta miwani yake. Nilidhani amesahau kwamba simu inarekodi. Nikauliza kwa sauti ndogo, "Babu, ni nini kilichoinua?"

"Maji, mjukuu wangu. Ya chini ya ardhi. Birika la msikiti limekaa juu ya ardhi, halina wa kulisukuma. Bwawa limezikwa. Ardhi ikishiba mvua, maji ya chini hupanda, na bwawa likiwa tupu hutaka kuelea. Yale maji niliyoyamwaga ndiyo yaliyokuwa yamelikalia." Akashusha pumzi. "Mzee Katana aliporudi alichungulia, kisha akaniuliza, 'Kwani uliposema wajua, ulikuwa wajua nini?' Hakupaza sauti. Heri angenipiga. Walipomwita ofisini akasema, 'Mimi ndiye niliyemwacha peke yake.' Wakamwachisha kazi yeye, mimi nikabaki. Neno 'naijua' nililisema mimi, likamla mwengine. Majuto ni mjukuu, husema watu. Mimi wangu alikuja na sura ya yule mzee akifunga kifurushi chake."

Hadithi hii Babu hajapata kutuambia. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

Lakini kichwa changu kilikataa. Kitu kizito kama bwawa la saruji kitaelea vipi? Nikaenda jikoni, nikajaza karai maji, nikaikandamiza sufuria tupu ndani yake. Nilipoiachia ikaruka juu. Nikaijaza maji, ikatulia kimya kama mtu aliyeshiba. Nikarudia huku narekodi video.

"We Zuhura! Sufuria ya wali hiyo, wanichezea nini?"

Nikamtumia Nasri hivyo hivyo, na sauti ya Mama ndani yake.

Jibu likaja, na kicheko kimekwisha. "Nimeiona sufuria. Lakini Babu, nimeshasema najua. Nikirudi kuuliza si ataniona mwongo? Akinitoa kazini, nyumba ndiyo hii hii ninayolala, na baridi ndiyo hiyo yaja."

Babu akaisogeza simu mwenyewe. "Atakuona mwongo wa siku moja. Ufa utakuonyesha mwongo kila asubuhi. Mficha uchi hazai, mwanangu." Mimi nikatazama chini. "Hiyo barafu ya nje hata mimi siijui, ya kwangu ni ya friji tu. Nisikudanganye. Mwendee tajiri wako, usitie chumvi. Mwambie, 'Jana nilisema najua. Nijualo ni birika la kwetu. Bwawa lako silijui, nifundishe.'"

Nikaituma. Babu akashika tasbihi, lakini jicho lilikuwa kwenye simu.

"Imelia?"

"Bado, Babu."

"Labda moto umekwisha."

"Betri imejaa, Babu."

"Basi labda amekwisha fungua."

Ilipolia, nusura tasbihi imtoke mkononi. Nasri alikuwa akihema kwa kutembea. Tajiri wake, akasema, alimwambia mwaka huu hamwachii kazi hiyo peke yake. Nasri alidhani ndiyo amefukuzwa. Yule mzee akavaa mabuti, wakateremka pamoja. Maji hayamwagwi yote, hupunguzwa tu mpaka chini ya matundu ya ukutani yanayopitisha maji ya mabomba. Kwanza hupimwa dawa iliyomo majini, maana maji yasiyo sawa huila plasta msimu mzima. Halafu mabomba hupulizwa kwa mashine ya upepo lisibaki tone, yakazibwa kwa vizibo vya mpira, kwa sababu maji yakiganda hutanuka na bomba likapasuka. Mwisho hutandazwa turubai.

"Wapuliza mabomba!" Babu akajipiga paja kama mtoto. "Hebu, Zuhura, muulize: na yale maji yaliyobaki bwawani, yakiganda mbona hayavunji kuta?"

Nikauliza. Swali lilikuwa langu pia.

Nasri akajibu palepale: "Hilo sijui, Babu. Ngoja nimuulize, yuko hapa."

Babu akacheka mpaka akafuta macho. "Sasa umesema! Mbona neno 'sijui' halikukuchoma mdomo?"

Halafu akatulia, akaniashiria nirekodi mara ya mwisho.

"Sikiliza basi, mwanangu. Ujuzi una kwao, kama mtu. Ukiuhamisha, uupigie hodi kwa wenyeji kwanza. Ulichojifunza Kibokoni si uongo, lakini hakikuzaliwa huko uliko. Ukiulizwa kazi usiyoijua, sema sijui kabla hujashika chombo, na ukiwa umeshasema najua, rudi ukaseme, hata kama umechelewa na uso wakuwaka. Aibu ya kuuliza huibeba mwenyewe. Ya kutouliza wabebeshwa wenzio. Mungu akufungulie ulimi kabla ya mkono, akupe wa kukufundisha kila nchi utakayokanyaga, akukinge na baridi hiyo nisiyoijua, na amrehemu Mzee Katana aliyenibebea yangu. Nenda, tajiri wako asikungoje. Amin."