Mtumbwi Uliofika Bila Mtu

Nikisimulia haya huwa natazama chini, kwa sababu hadi leo nikishuka kwenye gari la kutoka Bunia, watu wa Kasenyi wananiuliza kama ziwani nimekuja mwenyewe au nimetuma mtumbwi.

Mimi ni fundi wa nguo. Wakati ule bunduki zilikuwa zimenyamaza, ila watu bado walilala na mizigo imefungwa. Nilitaka kumwoa Furaha, na baba yake, Papa Furaha (mvuvi, mtu wa maneno machache), alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Basi nikamshonea tanga la maturubai, na siku ya kulijaribu akasema, "Twende wawili." Mimi, kwa kiburi tu, nikajibu, "Hapana, papa, nitaweza peke yangu."

"Basi ushushe tanga mbele ya kufika ku bidon."

(Bidon ni ule mtungi wa plastiki unaoelea karibu na ufuko, umefungwa kamba yenye jiwe zito chini, unaushika, unafunga mtumbwi, umefika.)

Kwenda nilipiga kasia vizuri. Kurudi, upepo ukalijaza tanga, mishono yangu haikuachia hata uzi mmoja, nami nikawa naitazama na kujisifu moyoni hadi nikasahau kulishusha, na nilipokumbuka bidon lilikuwa hili hapa, nikainama, nikalikumbatia kwa mikono miwili, na mtumbwi ukaendelea na safari yake.

Nikabaki majini, nimening'inia, na kuogelea sijui. Nilidhani watacheka. Hawakucheka. Kwa watu wa pale, mtumbwi unaokuja mbio bila kuonekana mtu maana yake ni watu wamelala ndani na silaha. Akina mama wakaacha samaki juani wakakimbia, mama yake Furaha akiwa mbele, kiatu kimoja tu mguuni. Mwanajeshi mmoja aliyelinda ufuko akapiga goti, bunduki begani.

"Nani iko mu mutumbwi?"

"Hamuna mutu!" nikapiga kelele (jibu gani hilo, jamani). "Ni miye, fundi!" Maji yakanijaa mdomoni.

Halafu nikamwona Papa Furaha anaingia ziwani, mikono juu, anasimama katikati ya bunduki na tanga langu, anasema polepole, "Usipige. Ni mukwe yangu. Ni mukwe yangu tu."

Neno hilo nililingoja miezi mingi, na siku ya kulipata nimekumbatia mtungi.

Bunduki ikashuka, Papa Furaha akaudaka mtumbwi, akaja kunitoa kwenye bidon. Akina mama walirudi mmoja mmoja, wengine wakaanza kucheka, ila bibi mmoja alirudi jioni kabisa, sufuria kichwani na mjukuu mgongoni, na nilipomwomba msamaha alikuwa bado anatazama ziwani, mtoto hajamshusha. Hilo ndilo linaniuma, si kuchekwa.

Furaha nilimwoa. Mtumbwini peke yangu sipandi tena, naapa, na hata tukiwa wawili, tukikaribia ufuko nasimama wima, napunga mkono, wanione.