Maji ya Rejeta

Harufu ya rejeta inayochemka, ule mvuke wa kutu na mpira ulioungua, mpaka leo hainiachi nitulie. Nikiisikia barabarani, miguu yangu inataka kushuka.

Kwetu Gendabi baba alikuwa na pikapu kuukuu. Starta yake ilikufa kabla sijaanza shule, basi sisi watoto tulikua tunajua kusukuma. Majirani walitucheka: "Wenzenu wanabebwa na gari, nyie mnalibeba." Rejeta nayo ilivuja kila mahali, na baba aliifungafunga kwa vipande vya mpira wa tairi kama anayefunga kidonda.

Kiangazi kimoja mama alishikwa na uchungu asubuhi. Tukamweka mbele, mimi na shangazi tukapanda nyuma, safari ya hospitali Katesh ikaanza. Tulipomaliza kilima cha kwanza, mvuke ukafoka chini ya boneti. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka. Baba aliufunga upya, lakini maji yote yalishamwagika, na dumu la akiba tulilisahau nyumbani kwa haraka.

"Baba Neema, twende," mama aliita dirishani.

"Bila maji injini itakufa kabisa. Vumilia, mama."

Hakuna aliyeweza kukaa. Baba alilizunguka gari, akainama, akainuka, akalizunguka tena. Shangazi alipanda na kushuka. Mimi nilichimba vumbi kwa kidole cha mguu, nikitega sikio. Mama akiguna niliogopa. Akinyamaza niliogopa zaidi.

Ndipo akatokea mbele yetu mama mmoja mfugaji, akimswaga punda mwenye madumu ya maji.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba." Alimtazama mama yangu, si gari. Baba akaanza kueleza kwamba kidogo tu kingetosha.

"Mimina," alimkatiza. "Mtoto hasubiri."

Rejeta ilipopoa kidogo, ikajazwa. Mama akanywa, akanawishwa uso. Yaliyobaki yote yule mama aliyamimina kwenye ndoo ambayo shangazi alikuwa amebebea nguo za mtoto. "Litachemka tena hilo," alisema. Kisha akaweka bega, tukasukuma pamoja. Gari likakohoa, likawaka, tukalirukia likiwa linakwenda.

Nilipogeuka, nilimwona amemgeuza punda, anakuja upande wetu ndani ya vumbi.

"Shangazi, anatufuata aje kumwona mtoto!"

Shangazi alimpungia mkono tu. Mdogo wangu alizaliwa salama, muda si mrefu baada ya kufika hospitali.

Niliamini miaka mingi kwamba yule mama alitaka kumwona mtoto, mpaka nilipopangiwa kufundisha katika kijiji kimoja huko huko Hanang. Bomba likakauka, nikaenda kisimani na dumu kichwani kama wenzangu. Njiani, shingo ikiniuma, nikasimama ghafla. Yule mama hakuwa akitufuata. Alikuwa anarudi kisimani kuanza upya, jua limeshakuwa kali, na huko kwake walikuwapo watu wanaochungulia njia, wakisubiri maji.