Sauti Iliyoitikia Rozari Haikuwa ya Mwanangu

Kuna jioni niligundua kwamba mtu ninayesali naye kwenye simu si mwanangu.

Simu ni ya mwanangu. Namba ni ya mwanangu. Anayenijibu "ndiyo mama" ni mtu mwingine kabisa.

Nipo jikoni peke yangu, rozari mkononi, mwili ukanisisimka mpaka kwenye nywele.

Nitawaeleza ilivyokuwa. Mimi ni mjane, naishi Mapera huku Mbinga, kahawa kidogo na mahindi ya kula. Shule niliishia la saba, nikikosea mahali mtanisamehe. Mume wangu Mansuetus aliniachia binti mmoja, Tadea. Nikawa mama, nikawa baba, nikawa mlinzi pia.

Tadea alipopata chuo cha uuguzi nilimsindikiza mpaka kitandani. Godoro nililibonyeza mwenyewe, nikaona jembamba, nikamtafuta matroni tukaongea. Binti aliyepangwa naye chumba niliona anacheka sana na wavulana getini. Nikaomba abadilishwe. Akabadilishwa. Akifeli jaribio, mwalimu anasikia sauti yangu kabla hajamaliza chai.

Na kila jioni, jua likizama, nampigia tunasali rozari. Mimi naongoza, yeye anaitikia. Tukimaliza namuuliza umekula nini, upo na nani.

Basi wakapelekwa mafunzo kwa vitendo. Yeye akapangiwa zahanati moja kule ziwani, kata ya Lipingo. Kijiji sikitaji. Akapanga chumba kwa watu.

Siku chache baada ya kufika huko, sauti ikabadilika.

"Mama, nina mafua."

Mara mtandao wa ziwani mbovu. Mara kifua. Mimi nikawa namtumia majina ya majani ya kuchemsha.

Sasa jioni hiyo tupo kwenye Baba Yetu. Mimi nimesema nusu yangu, yeye anaitikia nusu yake. Akafika kwenye "utuopoe maovuni". Mkatoliki hapo anasema amina, tunaingia kwenye Salamu Maria.

Yeye hakusimama.

Akaunganisha, tena kwa kujiachia, "kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu..."

Akanyamaza ghafla, kama mtu aliyekanyaga mwiba.

Hiyo ni sala ya Waanglikana wa ziwani. Si vibaya, Mungu ni mmoja. Ila Tadea nimemfundisha mimi kusali akiwa mgongoni. Huyo asingekosea hapo hata akiwa na homa ya kuweweseka.

"Tadea?"

Nikauliza tena.

"We nani?"

Simu ikakatwa.

Sikulala. Niliona yote yanayoweza kumpata binti wa watu. Katoroshwa. Kaolewa. Kafa, na wananificha mpaka ndugu wafike. Kulipopambazuka nikamwachia jirani yangu Aurelia mbuzi, nikapanda gari Mbinga kuteremka Mbamba Bay, na kutoka hapo bodaboda mpaka kijijini.

Kijana wa bodaboda ananiuliza, "Bibi, unawahi msiba?"

Nikamwambia, "Kimbiza tu, mwanangu. Sijui bado."

Nyumba aliyopanga Tadea niliipata kwa kuulizia. Uani kuna binti anaanua dagaa kwenye kichanja, kajifunga kanga kiunoni. Simfahamu. Sikupiga hodi. Nikatoa simu yangu, nikapiga namba ya Tadea.

Ikaita kiunoni kwake.

Akaitoa, akatazama jina, akainua macho akanikuta. Dagaa zikamwagika.

"Shikamoo, mama."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Mama, karibu ukae kwanza..."

"Sikuja kukaa! Tadea yuko wapi?"

"Yuko zahanati. Mzima, mama. Haki ya Mungu, mzima."

Nikakaa palepale chini kwenye mchanga, na kitenge changu cha kanisani.

Anaitwa Dorothy, hapo ni kwa mjomba wake. Akaniletea maji. Nikamwambia aseme, na akipunguza neno nitajua.

Akasema. Tadea alipofika alipangiwa zamu ya jioni. Siku moja kaachiwa mama mwenye uchungu amwangalie, simu ikaita. Mimi hiyo. Ya rozari. Tadea akatoka nje kupokea, kwa sababu asipopokea anajua nitapiga kwa mwalimu, nitapiga kwa matroni, nitapiga mpaka kwa paroko. Wakati tunasali huko nje, yule mama akajifungua peke yake, mtoto nusura aende sakafuni.

"Sista Walburga, yule mkubwa wao, alimwambia ni mara ya mwisho," Dorothy akasema. "Simu au mtu wako yeyote akija kukuvuruga kazini tena, unarudi chuoni, mwaka unarudia. Ndiyo akaniachia simu, akanifundisha kuitikia."

Nikasimama.

"Mama unaenda wapi?"

"Kumwona kwa macho yangu."

"Mama, ukiingia mle ndani umemmaliza!"

Nikamwambia sitaingia. Nitakaa nje kama mgonjwa.

Dorothy akanifuata nyuma, midomo inamcheza, nadhani na yeye alikuwa anasali.

Kwenye benchi la zahanati nilimkuta mama mmoja wa makamo, anaitwa Violet. Binti yake yumo ndani na uchungu tangu alfajiri. Huyo mama hatulii. Anakaa, anainuka, anachungulia dirishani. Chini ya kitenge kashika chupa ya chai.

Akanisogelea. "Dada, wewe mtu mzima mwenzangu. Kuna kanesi humo ndani, katoto kabisa. Kananikataza kumpa mwanangu uji."

"Uji tu?"

Akapunguza sauti. "Nimetia mizizi kidogo. Ya kusukuma. Akitoka huyo kanesi mshike maneno, muulize chochote, mimi nipenye."

Hiyo mizizi naijua. Hata kwetu milimani ipo. Wapo waliosaidika nayo, na yupo mmoja nilimsindikiza makaburini, na kichanga chake kwenye sanduku hilohilo.

Kabla sijamjibu mlango ukafunguka.

Tadea.

Kavaa nguo nyeupe, nywele kafunga nyuma, mikono ina maji. Hakuniona, nilikuwa upande wa jua. Violet akavamia mlango.

"Uji wa mwanangu huu, pisha!"

"Mama, fungua nione."

"Uone nini? Unajua uji wewe?"

Tadea akaichukua chupa, akafungua, akanusa. Akaiweka chini nyuma yake.

"Hiki hakiingii."

Violet akapandisha sauti. Watu wote benchini wakageuka.

"Wewe umezaa wangapi? Enhe, wangapi? Mimi nimezaa saba! Humo ndani ni mtoto wangu! Nani kakuleta hapa, mama yako hakukufundisha adabu?"

Hapo damu yangu ikachemka.

Nikainuka. Jamani, mdomo ulishafunguka. Nilikuwa na maneno ya kumtosha huyo Violet na ukoo wake. Mama yake ndiye mimi hapa, na adabu anayo!

Nyuma ya Tadea, kwenye kivuli cha mlango, nikamwona mwanamke mnene wa miwani kasimama anaangalia. Nikajua ndiye Sista Walburga.

Tadea akanigeukia. Macho yetu yakagongana.

Sijawahi kuona mtu akiishiwa rangi vile. Akanitazama mimi, na mdomo wangu uliofunguka, na nyayo zangu zilizoshaanza kuja. Neno moja tu, "mwanangu", na kila kitu alichosomea kinaanguka mbele ya watu.

Akamrudia Violet.

"Sijazaa hata mmoja, mama. Lakini akivuja damu humo ndani, nitakayekuwa naye ni mimi. Naomba ukae."

Kisha akaninyooshea mkono, sauti haikutetemeka.

"Na wewe mama uliyesimama. Kaa chini, tafadhali."

Mimi! Niliyembeba! Watu wananitazama nitamjibu nini huyo katoto.

"Ndiyo, nesi," nikasema. Nikakaa.

Mlango ukafungwa.

Violet akanigeukia, kakasirika. "Na wewe unakubali kuamrishwa na kale?"

"Anajua kazi yake. Njoo ukae hapa."

Nikamvuta mkono. Ulikuwa wa baridi kama samaki. Tukakaa hivyo, mimi mjane, yeye sijui, mikono imeshikana, tunasikiliza binti yake analia ndani, na mimi namsikiliza wangu anamwambia, "Pumua, dada, usisukume bado, pumua." Mara kikaja kimya kibaya. Violet akataka kuinuka, nikamkandamiza. Kusema kweli, sijui nilikuwa namzuia yeye au najizuia mimi.

Mtoto akalia.

Violet akaniangukia kifuani.

Tadea alitoka baadaye, zamu imeisha, akatukuta mimi na Dorothy njiani. "Shikamoo, mama." Nikaitikia. Hasira ya sala bado nilikuwa nayo, sifichi.

"Kudanganya naelewa. Lakini kwa rozari, Tadea?"

Akainama. "Ilikuwa kwa zamu ya jioni tu, mama. Wiki iliyopita nimerudishwa zamu ya asubuhi. Nilitaka nipokee mwenyewe."

"Ikawaje?"

Dorothy akaanza kulia kabla hajaulizwa.

"Nilimwomba aniachie simu," akasema. "Mama yangu alikufa mimi mdogo. Mjomba ni mwema, lakini... hakuna mtu ananipigia kuniuliza nimekula nini."

Nikawa mdogo kama kidonge cha piritoni. Zile jioni zote nilizodhani naichunga nyumba yangu, kumbe nilikuwa nalisha mtoto wa watu mwenye njaa.

Nikamtazama Tadea. "Na wewe ukakubali?"

Binti yangu hajui kudanganya akiulizwa uso kwa uso.

"Nilikubali, mama. Na nilipumua."

Hilo neno nimerudi nalo Mapera. Nikaacha kumpigia. Siku zikapita, nikawa naitazama simu kama inavyotazamwa sufuria ya maharage. Aurelia ananiuliza, "Leo vipi, hupigi?" Namwambia ana kazi.

Ikaita yenyewe, asubuhi, nipo kwenye kahawa.

"Mama, nikimaliza mafunzo naenda kujitolea Chiwanda. Nimeshaongea nao."

Chiwanda, mpakani na Msumbiji. Zamani angesema "mama, naomba". Safari hii alikuwa ananijulisha. Ulimi ukanijia na maswali yote: utalala wapi, kwa nani, nani kakushauri. Nikaushika.

"Nimesikia, mwanangu. Mungu akutangulie."

Hakukata simu.

"Mama," akasema, sauti imelegea, "una dakika? Kuna jambo la kule nataka nikuulize."

Wazazi wenzangu, nilimlinda miaka yote hiyo na hakuwahi kuniuliza kitu. Hakupata nafasi. Nilikuwa nimeshajibu.

Nikaweka kapu chini, nikakaa kumsikiliza.