Nikiri Mimi ni Goon Ndiyo Nipewe Mke

Asalaam aleikum, na habari zenu wengine wote. Admin, nifichie jina, lakini maneno usifiche, yaweke vile nimeyaandika. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, nimezaliwa na kulelewa Wabera hapa Isiolo. Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Mimi ni fundi wa kuchomelea: mageti, madirisha, milango ya chuma. Seli ya polisi naijua kwa nje tu.

Nilikuwa nimechumbia msichana, tumwite Halima. Familia zilikubaliana, tukabaki kungoja nikaha. Babake anauza mifugo sokoni, ni mtu wa kuheshimiwa, na mimi namwita Abba kama baba yangu.

Sasa kuna hili neno. Asubuhi nikifika kibandani, wa kwanza kunisalimia ataniambia, "Niaje goon yangu!" Kwetu vijana hiyo ni salamu. Goon ni beshte, mtu ambaye ukifiwa atashika sepetu kabla hajaitwa. Hata grupu yetu ya simu, watu tisa tuliosoma pamoja, inaitwa Goons wa Wabera. Lakini kwa wazazi wetu, goon ni yule anayepewa kitu kidogo na mwanasiasa abebe rungu, avuruge mkutano na kuumiza watu. Neno ni lilelile. Ukimwambia kijana anacheka, ukimwambia mzee anafunga mlango.

Mkutano mmoja wa siasa ukavurugwa hapa mjini. Mawe yalirushwa, na mama mmoja anayeuza nguo akavunjiwa duka, nguo zikabebwa. Mimi siku hiyo nilikuwa Kinna, mbali na mji, naweka geti kwenye shamba la mtu. Niliporudi nikasikia mmoja wa grupu yetu, Guyo, ameonekana na rungu. Nikamwendea kwao.

"Ulikuwa huko?" nikamuuliza.

Hakunidanganya. "Nilikuwa. Tuliitwa na mkubwa mmoja wa siasa, tukaambiwa ni kazi. Ule mlango niliupiga teke mimi."

Nilimtusi, siwezi kuficha. Kisha nikamwambia, "Simama, twende kwa huyo mama." Guyo alipiga magoti mbele yake akilia. Nguo tulizoweza kupata tukamrudishia, na mlango nikamtengenezea mpya kwa vyuma vyangu mwenyewe. Yule mama akatupa chai. Nikaona yameisha.

Kumbe ndiyo yanaanza. Kuna mtu alinipiga picha nikichomelea, ikazunguka mtaani na maneno: "Magoon wakirekebisha walichovunja." Mwingine akaongeza jina la grupu yetu. Watu wakaulizana, nani hurekebisha kitu ambacho hakuvunja? Siku mbili tu, nikawa mkubwa wa genge ambalo halipo. Mteja mmoja alikuja kuchukua madirisha yake hata hayajaisha, hakuniangalia usoni.

Abba akaniita kwake baada ya swala ya Alasiri. Nilimkuta na wazee watatu, na mama yangu ameketi pembeni, macho chini. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Kijana wangu, sikufukuzi," akasema. "Ijumaa, watu wakimaliza kuswali, simama useme ulikuwa goon, umeacha, na hao wenzako huwajui tena. Mtu akitubu tunamsamehe. Nikaha itaendelea."

"Lakini Abba, sikuwa huko. Mwenye shamba la Kinna yuko, mpigie simu."

"Nimeshampigia. Najua hukuwa huko."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilichomwa. Anajua!

"Lakini mji unaamini," akaendelea. "Nikiulizwa kwa nini nimempa goon binti yangu, nijibu nini? Ukisema umeacha, nitakuwa na jibu."

Mama akaninong'oneza, "Sema tu, mwanangu. Maneno hayavunji mfupa."

Nikasimama. Nikawaambia, "Wazee, heshima yenu iko palepale. Lakini mnataka niingie msikitini na wudhu, niseme uwongo? Goon wa rungu sijawahi kuwa. Na Guyo simkani. Alikosa, akaenda kwa aliyemkosea akaomba msamaha. Yule mkubwa aliyempa rungu ameambiwa asimame Ijumaa gani? Kama goon ni rafiki wa hawa vijana wa mtaa, basi mimi ni goon, na sitaacha."

Nikavaa viatu nikatoka. Mama hakunifuata, na hadi leo ananiwekea chakula bila kunisemesha. Hiyo inaniuma kuliko ile picha.

Halima akanitumia ujumbe wa sauti, analia: "Ningekuwa mke wako kwa sentensi moja. Ukaenda ukasema nyingine."

Nikamjibu, "Hiyo sentensi tungeishi nayo. Watoto wetu wangeitwa watoto wa goon, na mimi mwenyewe ndiye ningekuwa nimewapa hilo jina."

Jana ndipo ameniandikia kwamba Abba amenipa mpaka mwisho wa mwezi, na kuna familia kutoka kijiji cha Korbesa imeshaleta posa.

Nampenda Halima, sitajifanya simpendi. Wengine mtaniambia nimeze kiburi nikaseme hayo maneno. Hiyo msijisumbue kuandika, nimeshaikataa na Ijumaa tatu zimepita. Jina la grupu pia hatubadilishi. Ninachoomba ni hili: nimwambie Halima asimame na mimi mbele ya babake, ama nimwache aende kwa amani? Na nyinyi akina baba mnaosoma hapa, nijibuni kwa ukweli: kijana aliye tayari kudanganya msikitini ili apate mke, mngempa binti yenu?